Ndege wa Kalenda

Tarehe 9 Agosti 2016, sikukuu ya wanawake hapa Afrika Kusini, nilimpoteza mume wangu, Baba Neema. Alikuwa mlinzi wa nyumba katika mtaa wa Kensington, Johannesburg, mtu wa milima ya Kivu, Congo, na figo ndizo zilizomuua. Tulimzika Jumamosi iliyofuata, na juu ya jeneza lake palitandikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa ndege wa kijani. Kilidariziwa na Fundi. Kilikuwa kitambaa kizuri, na kila aliyekiona alikisifu. Ila ndege huyo siye aliyetakwa na mume wangu.

Fundi huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Simpendi, na nalisema mapema ili msomaji asitafute kwangu huruma ambayo sina. Nilishona kwake Rosettenville tangu mwanzo wa 2015, pindo na vifungo, kwa kuwa mimi nilisoma mpaka darasa la saba Kigoma na ushonaji niliufundishwa kanisani. Yeye nilimtazama kila siku, kwa hiyo namjua.

Sielezi alizaliwa wapi. Mwenyewe alieleza mara nyingi, na kijiji chake kilikuwa kinahama. Jumatatu kilikuwa karibu na ziwa, Alhamisi kilikuwa juu ya mlima, na siku moja, mbele ya mchungaji, kilikuwa na reli.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, katikati ya kinyozi Mrundi na duka la mikate la Mreno. Alivaa koti la suti hata mwezi wa Januari, jasho likimtiririka, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake popote alipo. Kanisani alikuja nayo. Msibani alikuja nayo. Nilimwona siku moja amesimama kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, akingoja kuvuka, anaichezea ile futi kwa vidole kama padri na rozari yake, na akina mama wa Kireno wanamwamkia kwa heshima. Alipenda sana kuamkiwa.

Alikuwa hajui kusema "sijui." Ukimwuliza njia ya kwenda hospitali atakuelekeza, hata kama hajafika huko, na utapotea. Alimwelekeza hivyo mama mmoja mjamzito aliyefika jana yake kutoka Uvira. Mama aliporudi jioni amevimba miguu, Fundi alimwambia, "Lakini umeiona Johannesburg, mama. Wengine hapa wanakaa miaka hawaioni."

Wateja aliwaahidi Jumamosi. Gauni la harusi ni Jumamosi, sare ya shule ni Jumamosi, suruali ya kupunguza ni Jumamosi. Siku hiyo ikifika utamkuta amekaa anakunywa kahawa ya Mreno, na akikuona anasimama na kukushika mikono yote miwili.

"Mama, nguo yako iko tayari kabisa. Inabaki tu kuishona."

Watu walicheka. Hilo ndilo lililonichosha kuliko uongo wenyewe, kwamba walicheka na Jumamosi nyingine wakarudi.

Vitenge vya wateja alivikata kwa ubahili, na vipande vilivyobaki hakuvirudisha. Alishona navyo kofia ndogo za watoto, akaenda kuzigawa kanisani siku ya Krismasi, na mama mwenye kitenge akasimama pale pale akimshukuru kwa kofia iliyotoka kwenye kitambaa chake mwenyewe. Niliona haya kwa niaba yao wote. Lakini lazima niseme pia kwamba watoto wale walizipenda zile kofia, na kwamba Fundi hakukosa msiba hata mmoja. Alikuja wa kwanza, akabeba viti, akalia machozi ya kweli kwa ajili ya watu aliowajua kidogo tu. Nilijaribu kuamini kwamba ni unafiki. Haukuwa unafiki. Alipenda kulia kama alivyopenda kuamkiwa.

Na mkono wake ulikuwa mwema. Kudarizi, alidarizi kwa cherehani ya kawaida. Alitoa kile kiguu kinachobana kitambaa, akakaza kitambaa kwenye duara la mti, halafu akakisukuma kwa mikono miwili chini ya sindano, mbele na nyuma, bila kuchora kwanza kwa penseli. Ua lilitokea, jani likatokea, nawe huoni lilivyotokea. Alitufundisha sisi wanawake bila kutukaripia hata mara moja. Ukivunja sindano alikupa nyingine. Ningefurahi kama angekuwa mkali na mkweli.

Kilichomfanya ajulikane ni ndege. Nyuma ya duka, penye meza ya kupigia pasi, palikuwa na ukurasa wa kalenda ya zamani aliyopewa na Mreno wa mikate. Ulikuwa na picha ya ndege mdogo wa kijani, mdomo umenyooka kama sindano, mkia wa buluu umegawanyika mara mbili na ni mrefu kuliko mwili wake wote. Amesimama hewani mbele ya ua, hajatua popote. Fundi alimdarizi ndege huyo kwenye mashati ya waimbaji, kwenye mapazia, kwenye vitambaa vya meza, na kila mteja alimsimulia.

"Huyu ni kolibri wa kwetu. Ku Kivu, ndani ya pori, juu kabisa kwenye ukungu. Mabawa yake huyaoni. Anasimama hewani kama msumari uliopigwa kwenye ukuta ambao haupo. Akishiba anarudi kinyumenyume, kama gari."

Hadithi iliongezeka kila ilipotoka. Mwanzoni alimwona ndege huyo utotoni. Baadaye ndege huyo alimwonyesha njia alipokuwa anawakimbia askari. Mwisho ndege alikuwa amelia juu ya nyumba yao usiku wa kuamkia vita, na ndiyo sababu Fundi alipona na wengine hawakupona. Akina mama walijifuta macho kwa vitenge ambavyo vilikuwa bado havijashonwa. Kuna mteja mmoja, mama wa Bukavu, aliyekunja uso na kusema, "Fundi, miye ni mtu wa kule. Hiyo ndege sijaiona hata siku moja."

"Ulikaa mjini, mama," akamjibu. "Hii haipendagi mji."

Mama wa Bukavu akaagiza vitambaa viwili.

Mume wangu alimgundua kwa swali moja tu. Alipita dukani kunichukua akitoka kazini, bado amevaa sare ya ulinzi, akakaa juu ya benchi na kumsikiliza Fundi mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Fundi, huko pori la kwenu juu, hali ya hewa iko je?"

"Joto, kaka. Joto ya kuua."

Baba Neema alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Kule juu kwao, aliniambia, mtu analala na blanketi mbili na asubuhi vidole havifungi kifungo. "Yule ni mtoto wa Lubumbashi. Mlima ameuona kwenye ile kalenda."

"Na ulikuwa unamtazama tu?"

"Nimfanyeje? Alipofika hapa walimwambia watu wa Kivu ndio wanaopewa karatasi za ukimbizi haraka, kwa sababu ya vita. Akajifunza Kivu. Sasa ameingia ndani, na akitoka watamkamata."

"Ni mwongo."

"Ni mwongo, ndiyo. Lakini kwani amenichukulia nini? Kivu ni kubwa, itamtosha na yeye."

Mume wangu alikuwa hivyo, hakujua kudharau. Kwetu nyumbani kazi hiyo niliifanya mimi.

Yeye alikuwa na ndege wake wa kweli. Jina alilijua kwa lugha ya kwao tu, nami sikuwahi kulitamka sawasawa. Kule mlimani, alipokuwa mvulana, aliwaona penye maua marefu kando ya mashamba. Miaka yote ya Johannesburg alijua amewaacha huko. Halafu siku moja mwezi wa Machi alinipigia simu kutoka kazini, sauti imebadilika. Katika bustani ya wale wazungu wa Kensington kulikuwa na maua ya rangi ya chungwa, na ndege wake alikuwa amekaa juu ya bua, anakunywa.

"Ni yeye yule, Mama Neema. Kijani mwili mzima, anang'aa kama mgongo wa mende wa porini. Mdomo umepinda. Na zile nyoya mbili nyembamba za mkia, ndefu. Anakaa juu ya bua, anainama, anakunywa. Kumbe wako na huku."

Jumapili alimchukua Neema, wakati huo ana miaka kumi na miwili, wakasimama nje ya uzio wa ile bustani asubuhi nzima. Ndege hakuja. Neema alirudi amechoka, lakini alimwamini baba yake, na kwa wiki nyingi alichora ndege wa kijani pembeni mwa madaftari yake.

Alipozidiwa, Baba Neema aliomba ndege huyo awe kwenye kitambaa chake. Katika kanisa letu kitambaa cha jeneza hakizikwi. Hurudi nyumbani na kutandikwa chini ya picha ya marehemu, na siku ya kutoa matanga, mwaka ukiisha, anakabidhiwa mtoto wa kwanza ili akitunze. Kwa hiyo alikuwa anamwachia Neema. Hakuwa na shamba wala nyumba ya kumwachia.

Fundi alikuja kumwona mgonjwa, amebeba ndizi. Mume wangu alimweleza yule ndege taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikunja kidole chake kuonyesha mdomo. Akakikalisha juu ya kidole cha mkono mwingine kuonyesha anavyokaa juu ya bua.

"Si kama wa kwako, Fundi. Huyu anakaa."

Fundi alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kwa hisia. "Ninamwona, kaka. Ninamwona vizuri kabisa."

Hakuona kitu. Asubuhi ya maziko alileta kitambaa kimekunjwa, hakutaka malipo, na nilipokifunua kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba uani na gari la maiti limefika. Mdomo ulikuwa umenyooka. Mabawa yalikuwa juu. Mkia ulikuwa wa buluu, umegawanyika. Alikuwa amemweka ndege wa kalenda juu ya mume wangu.

Matanga yalipopoa kidogo nilimwambia. "Fundi, yule si ndege aliyekueleza marehemu."

Alinitazama kwa upole, akanishika mkono. "Mama Neema, watu wanatazama rangi. Wote walilia. Uliwaona?"

Nilirudi kwenye pindo zangu. Nilikuwa na nyumba ya kulisha.

Kosa lake lilitufikia mwaka uliofuata. Neema alipewa kazi ya shule kuhusu wanyama, akachagua ndege wa baba yake, akaenda maktaba. Mwanangu huyu huniongelesha Kiingereza nami humjibu Kiswahili, hapa naandika yote kwa Kiswahili. Alirudi na kitabu, akakiweka mezani kando ya kitambaa, akafungua. Ilikuwa ile ile picha, karibu sawa kabisa na ya kalenda.

"Mama, huyu anaishi kwenye misitu ya milima ya Amerika ya Kusini. Huko tu. Afrika nzima hayupo."

"Ndege wa baba yako si huyo. Fundi alikosea."

"Papa alisema alimwona Kensington."

"Alimwona mwingine. Mdomo wake umepinda."

"Mimi sikumwona." Alikuwa anatazama kitabu, siyo mimi. "Shuleni wanasema watu wa Congo wanasema wametoka kwenye vita ili wapate karatasi. Nilikuwa nabishana nao. Papa alitoka Kivu kweli?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimweleza blanketi mbili na vidole visivyofunga kifungo. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo. Nilikuwa na maneno yangu tu, naye alikuwa na kitabu chenye picha, na kitambaa kilichoshonwa kikisema sawa na kitabu. Ndugu wote wa mume wangu wako huko, hakuna wa kuja kumshuhudia. Mtu mmoja tu angeweza kumaliza jambo lile kwa sentensi moja, naye ni Fundi.

Nilimwendea. Sikutaka aseme mbele ya watu. Nilitaka aje nyumbani, amwambie mtoto mmoja kwamba ndege wa kwenye kitambaa amemtoa kwenye kalenda, na kwamba baba yake alimweleza mwingine.

Alizima cherehani. Kisha akasema, "Mtoto anaongea na wenzake, Mama Neema. Mwenzake ana baba, baba anafanya kazi mahali. Miye karatasi zangu zimesimama juu ya hiyo ndege."

"Karatasi hazina ndege, Fundi. Nakuomba useme kuhusu uzi tu."

"Ukivuta uzi moja, nguo yote inafunguka. Weye unajua, ni mshonaji."

"Kwa hiyo mume wangu awe mwongo ili wewe uwe mkweli?"

Aliinamisha kichwa, akachezea futi. Kisha uso ukamchangamka, na nikajua tumemaliza. "Nitakuja. Nitamwambia vizuri, kwa lugha ya watoto. Jumamosi."

Niliacha kazi wiki ile, nikapata nyingine kwa Mtanzania anayeshona mashuka. Fundi hakuja Jumamosi ile wala nyingine yoyote. Siku ya kutoa matanga alikuja, wa kwanza kama kawaida, akabeba viti, akalia. Mzee wa kanisa alipomkabidhi Neema kitambaa, Neema alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyoelekezwa. Nyumbani alikiweka chini kabisa ya kabati, chini ya viatu, na kuanzia hapo hakuchora ndege tena wala kumtaja baba yake kwa watu.

Nilisikia baadaye kwamba Fundi amehama Rosettenville usiku mmoja, akiacha Jumamosi nyingi nyuma yake. Sikumtafuta.

Septemba 2018, wikendi ya sikukuu ya urithi, nilikwenda Newtown na Neema kununua uzi. Sokoni pale kulikuwa na watalii wengi. Neema alikuwa anatembea mbele yangu anakula magwinya, maandazi ya huku, kwenye karatasi, na akasimama ghafla mbele ya meza moja. Juu yake kulikuwa na vitambaa vya meza, safu nzima, na kwenye kila kimoja ndege wa kijani mwenye mkia wa buluu amesimama hewani. Nyuma ya meza alikuwa Fundi, koti la suti, futi shingoni, anaongea Kiingereza na mama mmoja mzungu mwenye kofia ya jua.

"Na ndege huyu ni wa wapi?" akauliza yule mama.

"Drakensberg, madam. Juu kabisa kwenye ukungu. Ni milima yetu."

"Umewahi kumwona?"

"Kwa macho haya. Mimi nimezaliwa huko. Anasimama hewani kama msumari."

Neema aliacha kutafuna. Alimtazama Fundi, akavitazama vitambaa, akanigeukia mimi. Nilimwona anavyofikiri. Nilimwachia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimesema kwa mwaka mzima na haikusaidia.

"Samahani, madam," Neema akamwambia yule mama. "Huyu ni wa Amerika ya Kusini. Hapa hayupo. Hata Congo hayupo."

"Kweli?" Yule mama alicheka kidogo, akakigeuza kitambaa kwenye mwanga. "Hata hivyo ni mzuri. Nitachukua viwili."

Hapo ndipo Fundi alipotuona. Hakutahayari hata kidogo. Alifurahi, na nadhani alifurahi kweli. Akatoa mikono yake juu ya meza kunishika.

"Mama Neema. Umepotea sana. Na huyu ndiye Neema? Eish, amekuwa mrefu kama mlingoti." Aliniacha mkono mmoja, akanitazama kwa uso wa kujali. "Papa Neema hajambo? Bado iko Kensington?"

Nilitazama vidole vyake, vile vile vilivyokisukuma kile kitambaa.

Aliyejibu ni Neema, na alijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Papa alikufa, Fundi. Kitambaa yake ni wewe ulishona." Akakunja karatasi ya magwinya mkononi. "Yeye alitoka Kivu."

Fundi aliishika futi yake. Akasema, "Pole, binti yangu, pole sana." Kisha akamgeukia yule mama na kumwuliza kama anataka mfuko.